Wanaofanya mazoezi ya kuokoana Mirihi wana la kuifunza Mwanza

Katika jangwa la Utah nchini Marekani, nje kidogo ya mji mdogo wa Hanksville, kuna zoezi ambalo huanza kwa mtu kujilegeza. Watu watatu wametoka kituoni wakiwa wamevaa kama wanaanga: suti nzito, kofia ya duara yenye kioo, na mgongoni begi lenye feni inayowapulizia hewa usoni. Wakifika kwenye vilima vya udongo mwekundu, mmoja anakaa chini, kisha analala chali. Amepangiwa kuzimia. Kuanzia hapo saa inahesabu, na wenzake wawili wanatakiwa kumrudisha ndani akiwa hai.

Ni jambo linaloonekana jepesi kwa asiyewahi kulijaribu. Kofia haifunguliwi, kwa kuwa kwa masharti ya igizo hili la kuishi Mirihi hewa ya nje inaua. Mapigo ya moyo hayapimiki kupitia glavu nene. Sikio haliwezi kusogezwa puani kusikiliza pumzi. Kilichobaki ni redio, macho, na yale waliyokubaliana kabla ya kutoka: nani anashika mabega, nani anashika miguu, nani anazungumza na walio ndani, kigari kiegeshwe upande gani. Wakifika mlangoni hawapiti moja kwa moja. Wanasimama katika kijichumba chenye milango miwili, wa nje umefungwa na wa ndani haujafunguliwa, wakisubiri dakika tano ambazo katika Mirihi halisi zingehitajika ili hewa iingie na kulingana na ya ndani. Mgonjwa yuko sakafuni katikati yao. Hakuna wanaloweza kuliharakisha.

Kituo hicho, Mars Desert Research Station, kilijengwa na jumuiya ya Mars Society mwaka 2001. Jengo lake kuu ni mcheduara mweupe wa ghorofa mbili wenye kipenyo cha mita 8 hivi, na pembeni yake kuna kitalu cha mboga, maabara na chumba cha kutazamia nyota. Kwa kawaida hupokea kikundi cha watu sita au saba kwa muda wa wiki mbili. Mmoja ni kamanda, mwingine mhandisi, mwingine anasimamia afya na usalama, mwingine kitalu, na yuko wa kuandika habari za kila siku. Wanakula vyakula vilivyokaushwa vya kulowekwa kwenye maji ya moto. Maji yanapimwa, kwa hiyo kuoga si jambo la kila siku. Vyumba vya kulala vinatosha kitanda na mtu kugeuka. Jioni, saa maalumu zikifika, wanatuma taarifa: maji yaliyotumika, umeme uliobaki, afya ya kila mmoja, nani alitoka na alirudi saa ngapi, nani anaomba kutoka kesho na kwa sababu gani.

Hapo kwenye ombi la kutoka ndipo penye uzito kuliko suti na kofia. Hakuna anayetoka kwa kujisikia. Safari inaandikwa kwanza: majina, njia, umbali, saa ya kuondoka, saa ya kurudi, na nani atabaki kwenye redio akiwasikiliza. Saa ya kurudi ikipita kimya, aliyebaki anajua hana ruhusa ya kuvuta subira. Nusu ya uokoaji imeshafanyika kwenye karatasi kabla mtu hajaumia.

Mwezi Februari 2018 igizo la namna hii lilifanyika katika nchi ambayo Kiswahili bado kinazungumzwa majumbani. Shirika la Austrian Space Forum lilipeleka kikosi chake Dhofar, kusini mwa Oman, mkoa ambao Zanzibar na Mombasa zinaujua kwa ubani wake. Mradi uliitwa AMADEE-18. Kituo cha kuongozea shughuli kilikuwa Innsbruck, Austria, na kila ujumbe kati ya jangwani na Innsbruck ulicheleweshwa dakika 10 kwa makusudi, ili hali ifanane na ile ya Mirihi. Watafiti zaidi ya 200 kutoka mataifa 25 walihusika kwa njia moja au nyingine. Vazi lao la majaribio, Aouda, lina uzito wa kilo 50 hivi, sawa na mfuko wa saruji, na aliyelivaa anatakiwa kutembea, kuinama, kuchimba sampuli na kupanda miinuko kwenye jua la Dhofar. Naibu kamanda wa uwanjani, João Lousada, aliwaambia waandishi wa habari kwamba mtu wa kwanza kuikanyaga Mirihi keshazaliwa, na huenda wakati ule alikuwa shule ya msingi, Oman au Ulaya, Marekani au China.

Hakuitaja Mwanza, wala hapakuwa na sababu ya kumtaka aitaje. Lakini mtoto wa Nyakato mjini humo anayesoma leo kandokando ya barabara ya Musoma ana haki ya kujua kwamba kazi hiyo ipo, inafanyika, na sehemu yake kubwa haihitaji roketi. Inahitaji watu wanaokubali kurudia jambo lilelile mpaka mikono ilijue.

Sababu ya kurudia ni hali ya Mirihi yenyewe. Mgandamizo wa hewa yake haufiki asilimia 1 ya ule wa duniani, na karibu hewa yote ni kabonidayoksaidi. Mvutano wake ni kama asilimia 38 ya wetu. Ujumbe wa redio huchukua kati ya dakika 3 na 22 hivi kufika, kutegemea sayari hizo mbili ziko wapi kwenye njia zao kulizunguka jua. Kwa hiyo mtu akipasukiwa na vazi au akivunjika mguu, swali likitumwa duniani linaweza kukawia dakika 40 na zaidi kabla jibu halijarudi. Daktari bingwa wa dunia nzima hana faida katika muda huo. Anayefaa ni mwenzako aliye hatua kumi kutoka ulipo, na anafaa kwa kadiri alivyofundishwa tu.

Kwa mantiki hiyohiyo NASA ilijenga mjini Houston bwawa lenye urefu wa mita 62 na kina cha mita 12, na ndani yake ikazamisha mfano wa kituo cha anga, ili wanaanga wafanye humo mazoezi ya kazi za nje, pamoja na kumvuta mwenzao asiyejiweza mpaka mlangoni. Na mwezi Juni 2019, katika kituo cha Aquarius kilicho chini ya bahari pwani ya Florida, wanaanga walijaribu kifaa cha Shirika la Anga la Ulaya kinachomwezesha mtu mmoja, akiwa peke yake na vazi zito, kumwinua aliyeanguka na kumweka kwenye machela yenye magurudumu kwa muda usiozidi dakika 10. Kifaa kilianza chini ya maji kwa kuwa majini wepesi wa mvutano unaweza kuigizwa.

Kuna siku mazoezi hayo yalionyesha thamani yake. Tarehe 16 Julai 2013 Mwitaliano Luca Parmitano alikuwa nje ya Kituo cha Kimataifa cha Anga aliposikia maji nyuma ya shingo. Yalitoka kwenye mfumo wa kupoza vazi lake, yakaongezeka, na kwa kuwa kule maji hayadondoki, yakapanda yakagandamana na uso wake, yakaziba macho na pua, yakamharibia mawasiliano. Jua nalo lilikuwa linazama. Parmitano alirudi mlangoni bila kuona vizuri, akiongozwa na mvuto wa kamba yake ya usalama na kumbukumbu ya njia. Mwenzake Chris Cassidy alifuata. Matembezi yaliyopangwa kuchukua saa sita hivi yalikatishwa baada ya saa 1 na dakika 32, na vazi lilipofunguliwa ilikutwa karibu lita moja na nusu ya maji imeingia. Baada ya tukio hilo kofia ziliwekewa sponji ya kunyonya maji na mrija wa kupumulia. Mtu nusura azame angani, na kilichomrudisha ni kamba aliyozoea kuishika.

Mwezi uleule wa AMADEE-18, Februari 2018, igizo jingine lilikatika ghafla. Kwenye miteremko ya Mauna Loa, Hawaii, kuna kuba la HI-SEAS, ambako watu sita walikuwa wamekaa mwaka mzima, kuanzia Agosti 2015 hadi Agosti 2016, wakitoka nje kwa mavazi tu. Safari ya sita ya mradi huo, yenye watu wanne, ilidumu siku chache. Mawingu yalipunguza umeme wa sola, wakazi wakahangaika kurudisha umeme, na mmoja wao akapigwa shoti. Likaitwa gari la wagonjwa halisi. Alitibiwa hospitali akaruhusiwa, na safari ikafutwa. Wapo waliolitaja tukio hilo kama aibu ya mradi. Si haki. Kituo cha mazoezi kinachoona hatari halisi na kuvunja igizo papo hapo kimefanya jambo lililo sahihi, na kimejifunza udhaifu wake kwa bei ya matibabu kidogo hospitalini badala ya mazishi.

Sasa turudi Mwanza, kwenye Ziwa Victoria.

Ukipanda daladala Nyakato kuelekea Kisesa unapita Igoma. Hapo ndipo yalipo makaburi ya waliokufa katika meli ya MV Bukoba iliyozama tarehe 21 Mei 1996, ikitoka Bukoba na Kemondo, ikiwa imebakiza mwendo mfupi kufika Mwanza. Meli ilikuwa na uwezo wa kuchukua abiria 430. Waliokufa wanatajwa kuwa zaidi ya 800. Wenye umri wa kukumbuka, kila mmoja anakumbuka jambo moja kuliko yote: meli ilipinduka, lakini haikuzama mara moja. Hewa iliyonaswa ndani iliishikilia juu ya maji, na ndani ya hewa hiyo walikuwamo watu waliokuwa wakigonga chuma. Waokoaji wakatoboa bamba ili wawatoe. Hewa ikatoka kwa kishindo kupitia tundu, maji yakachukua nafasi yake, na meli ikaenda chini na waliokuwa ndani.

Waliotoboa walikuwa na nia njema, na makala haya hayawalaumu. Walikuwa wakifanya kwa mara ya kwanza, mbele ya umati, jambo ambalo hakuna aliyewahi kulifanyia zoezi. Mwanaanga wa igizo kule Utah hawezi kukaa wiki moja bila kujua kwamba mlango haufunguliwi mpaka hewa ya pande mbili imelingana. Anajua kwa sababu amesimama kwenye kile kijichumba asubuhi na jioni, amechoka, akisubiri. Kanuni hiyohiyo ya hewa na mgandamizo ndiyo iliyokuwa ikiamua uhai ndani ya MV Bukoba. Chombo kilichopinduka hushikiliwa kwanza, kwa maboya ya kuinulia au kwa winchi, ndipo kinapotobolewa.

Miaka 22 baadaye, tarehe 20 Septemba 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu kabisa na gati la Bwisya, kisiwani Ukara, kikitoka Bugorora. Kilikuwa na idhini ya kubeba watu 101. Waliokufa walizidi 220. Waliofika kwanza ni watu wa Ukara wenyewe, kwa mitumbwi. Usiku ulipoingia uokoaji ukasimama, ukaendelea asubuhi. Na Jumamosi ya tarehe 22, siku mbili baada ya ajali, fundi wa mitambo wa kivuko hicho akatolewa akiwa hai. Alikuwa amejifungia kwenye chumba kilichobakiwa na hewa. Yeye alikijua kile chombo, akajua pa kukimbilia. Abiria hawakuwa na ujuzi huo, kwa sababu hakuna siku waliyoonyeshwa.

Kisha Jumapili ya tarehe 6 Novemba 2022 ndege ya Precision Air ikaanguka ziwani karibu na uwanja wa Bukoba ikiwa na watu 43. Watu 24 walipona na 19 wakafariki, wakiwamo marubani wote wawili. Tena wa kwanza kufika walikuwa wavuvi. Kijana Majaliwa Jackson alisifiwa nchi nzima kwa kupiga kasia hadi kwenye ndege na kusaidia mlango ufunguke, na baadaye Serikali ikaagiza achukuliwe na Jeshi la Zimamoto na Uokoaji akafunzwe. Uamuzi mzuri. Lakini yule kijana mmoja alichukuliwa kutoka kwenye mwalo wa wavuvi, na mwalo ukabaki kama ulivyokuwa. Kwenye kila mwalo kuanzia Igombe na Kayenze hadi visiwa vya Ukerewe wapo vijana wenye nguvu, wenye mitumbwi na wanaoyajua maji yale kuliko askari yeyote atakayetumwa kutoka mjini. Hao ndio watakaofika kwanza ajali ijayo. Kuwafunza baada ya ajali ni kuwafunza wakiwa wamechelewa.

Hapo ndipo maisha ya vituo vya Mirihi yanapoihusu Mwanza. Watu wale wanaishi kwa kukubali kwamba msaada wa mbali hautawahi, kwa hiyo wanamfanya kila mkazi kuwa mwokoaji. Kanda ya ziwa ina hali hiyohiyo bila kuigiza. Kutoka Ukara hadi hospitali kubwa ni safari ya maji. Mtumbwi wa dagaa uliopigwa na upepo saa nane za usiku uko mbali na kila mtu isipokuwa mtumbwi mwingine wa dagaa.

Zipo hatua zilizopigwa, na zinastahili kutajwa. Shirika la EMEDO lenye makao yake Mwanza limekuwa likifanya kazi na RNLI, taasisi ya uokoaji majini ya Uingereza, kupunguza vifo vya kuzama ziwani. Nchi za ziwa kupitia Kamisheni ya Bonde la Ziwa Victoria ziliichagua Mwanza kuwa na kituo cha kanda cha kuratibu uokoaji. Katika Bandari ya Mwanza Kusini imejengwa meli ya MV Mwanza yenye uwezo wa abiria 1,200. Lakini meli kubwa huongeza hitaji la mazoezi, kwa sababu watu 1,200 wasiojua mlango wa dharura uko wapi ni umati ambao nahodha hawezi kuuongoza kwa kipaza sauti.

Watakuwapo wa kusema kwamba kuigiza maafa ni mchezo wa wenye fedha. Mwaka 1964, Zambia ilipopata uhuru, mwalimu wa sayansi Edward Makuka Nkoloso alikusanya vijana nje ya Lusaka akawafanyisha mazoezi ya safari ya anga, akiwaviringisha mlimani ndani ya pipa la mafuta. Dunia ilimcheka, na magazeti ya nje yalimwandika kama kituko. Fedha hakuwa nazo, na roketi hakuipata. Lakini wazo lake kwamba mwili hufundishwa kabla ya safari, kwa kifaa chochote kilichopo, ndilo lililotumika Dhofar na linalotumika leo Utah, na hakuna anayelicheka. Pipa lilikuwa kifaa rahisi, si kifaa cha ujinga.

Mwanza ina zaidi ya pipa. Chuo cha ufundi stadi cha VETA kipo Nyakato, na eneo hilo lina mafundi wa kuchomelea wanaotengeneza mageti, matenki na bodi za malori kila siku. Mafundi hao wanaweza kutengeneza kiunzi cha chumba cha abiria cha kivuko: viti, dirisha, mlango, jaketi okozi chini ya kiti. Kiunzi kinashushwa kwenye maji ya kina kifupi, kinainamishwa taratibu, na watu walio ndani wanajifunza kutoka huku wazamiaji wakisimama pembeni. Wafanyakazi wa visima vya mafuta vya Bahari ya Kaskazini hupitishwa kwenye kifaa cha namna hiyo kabla ya kuruhusiwa kupanda helikopta, na hurudia baada ya muda. Mabaharia wa vivuko, wahudumu wa ndege zinazotua Bukoba na Mwanza, polisi wanamaji na vijana wa mialo wapite humo wote, kwa zamu.

Mialo nayo iwe na ubao. Jina la mtumbwi, idadi ya waliomo, upande walioelekea, saa ya kurudi, na jina la aliyebaki nchi kavu mwenye simu yenye chaji. Vikundi vya usimamizi wa rasilimali za uvuvi, BMU, tayari vina viongozi na vina daftari. Kinachokosekana ni sharti moja tu ambalo kule jangwani halina mjadala: saa ya kurudi ikipita, mtu anatoka kutafuta bila kungoja amri.

Na kabla kivuko hakijang'oa nanga, mhudumu asimame mbele ya abiria, avae jaketi okozi kamba kwa kamba wakimwona, aonyeshe milango, aseme nini kifanyike chombo kikilala upande mmoja. Dakika tano zinatosha. Abiria wa Kamanga na wa Ukerewe watalalamika siku za mwanzo kwamba wanacheleweshwa, na nahodha atatakiwa kuwavumilia.

Halmashauri ya Ilemela, Shirika la Wakala wa Meli Tanzania (TASAC), Jeshi la Zimamoto na Uokoaji na VETA wanaweza kukaa meza moja mwezi huu bila kusubiri mfadhili. Upepo wa kusi huanza kuwa mkali ziwani kuanzia Juni. Zoezi la kwanza lifanyike kabla ya hapo, kwenye mwalo wa Igombe, na lifanyike usiku usio na mbalamwezi, kwa kuwa ndipo wavuvi wa dagaa wanapokuwa majini.